Kinu Iringa, Mchi Mbeya

Jumamosi, 3 Juni 1978

Mama amekubali kuhama. Ukuta wa jiko lake, uliolowa masika yote, ulianguka juzi. Yeye hakuumia, aliumia kuku. Magoti yake nayo hayakubali tena kile kilima cha kisimani. Amesema maneno ambayo nayaandika hapa kwa uangalifu, kwa kuwa sasa kila kitu kinayategemea: atakaa kwa binti ambaye vyombo vyake vitakuwa kwake. Hawezi kulala katika nyumba ambayo chungu kinachochemka si chungu chake.

Mabinti ni wawili. Mimi, Apolonia, mwalimu wa biolojia katika shule ya wasichana hapa Iringa, mkubwa, sijaolewa. Na Juliana, mdogo wangu, fundi cherehani, ameolewa Mbeya na Filemoni wa karakana ya reli. Atakuja Jumamosi ya tarehe 17 ili, kama alivyosema, tugawane. Neno zuri. Silisadiki.

Namtaka Mama akae kwangu. Nimeitazama sentensi hiyo kwa muda, nikaona haihitaji ushahidi. Ni ya kwanza ya aina yake mwaka huu.

Rafiki niliyesoma naye Chuo Kikuu amenitumia jarida la sayansi kutoka Dar es Salaam. Ni la mwaka jana, lilisafiri pamoja na sabuni, na linanukia hivyo. Ndani yake kuna habari za histoni. Nimejaribu kuzieleza kwa Kiswahili, kwa ajili ya siku ya wazazi, nikafika hapa: uzi wa DNA ulio ndani ya kila seli ni mrefu mno, hivyo umeviringishwa juu ya vipande vidogo vya protini viitwavyo histoni, kama uzi wa cherehani juu ya vigogo vyake vya mbao. Seli inapojiandaa kugawanyika, uzi hunakiliwa. Uzi mmoja huwa nyuzi mbili, mmoja kwa kila seli binti. Uzi tunajua unavyogawanyika. Lakini zile histoni za zamani huenda wapi? Huenda zote kwa binti mmoja, mwenzake akaanza maisha na mpya tupu? Au huchanganyika, kila binti akapata baadhi ya za zamani, na mapengo yakajazwa na mpya?

Wapo waliopima wakasema hivi, wapo waliopima wakasema vile. Mimi nimevutiwa na jibu la kwanza. Zote kwa binti mmoja. Ni jibu safi. Nilijiuliza kama kweli ni usafi wake unaonivutia. Kisha nikaacha kujiuliza.

Jumatatu, 5 Juni

Somo la Kidato cha Tano. Kamba ndefu, na vigogo vya uzi ambavyo Juliana hunihifadhia vinapokwisha na kunitumia kutoka Mbeya. Vigogo vya histoni za zamani nimevipaka rangi nyekundu, vya mpya nimeviacha vyeupe. Wasichana waliviringisha, wakaviringua, wakatengeneza kamba ya pili. Kisha nikawaonyesha vyekundu vyote vikibaki upande mmoja. Ilipendeza. Nilisahau kidogo kutaja kwamba kuna maoni mengine. Nilitaja kengele ilipolia.

Ambrosi alikuwa mlangoni. Ni mwalimu wa fizikia, Mbena wa Njombe, mtaratibu, ndiye mwenye funguo za trekta la shamba la shule. Tangu Pasaka anasubiri jibu langu kwa swali ambalo aliliuliza vizuri sana na kwa maneno machache. Nimemweleza kwamba bado nakusanya taarifa. Alisema hana haraka, taarifa nzuri huchukua muda. Kila jioni hunywa chai kwangu, amekaa kizingitini, ili matroni wa bweni aone kwamba hajaingia ndani.

Leo aliuliza jambo ambalo limenikaa kooni. Yule binti aliyepewa mpya tupu, alisema, atajuaje kujiviringisha kama mama yake? Nilimwambia swali lake si la fizikia. Akakubali kwamba si la fizikia.

Jumapili, 11 Juni

Baada ya Misa nilikwenda kijijini kwa Mama. Mpango wa kwanza.

Kwetu mama mkwe hali chakula mbele ya mkwewe, halali chini ya paa lake, na wakikutana njiani mmoja wao huingia majanini. Jambo hili kila mtu analijua, na Mama analijua kuliko wote. Nilikusudia kumkumbusha tu. Kukumbusha si kushawishi.

Nilimkuta uani akisuka kikapu cha nyasi za milulu, miguu imenyooshwa juani. Tukasalimiana, kamwene, kamwene. Nilizungumzia baridi, kuku, bei ya mafuta ya taa. Kisha, kana kwamba limenijia sasa hivi, nikasema nasikitika kwamba kule Mbeya nyumba ni ya Filemoni, na paa ni la Filemoni. Mama aliacha kusuka. Alisema nimenena kweli tupu. Kulala chini ya paa la mkwe! Afadhali alale ghalani na panya. Alinishukuru kwa kukumbuka mila. Alidhani shule imezifuta zote kichwani mwangu. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Akauliza, huku mkono umerudi kwenye milulu, kama kwangu hakuna mtu. Nilisema hakuna. Hata wa kuja kunywa chai? Nilisema yupo mwenzangu wa kazini anayekunywa chai, lakini hukaa kizingitini. Mtu wa namna gani? Nilisema mtu wa fizikia. Mama akauliza kama hiyo ni kabila au ugonjwa, na hakungoja jibu.

Kwa kuwa mambo yalikuwa yakienda vizuri, nilimweleza na habari za histoni, nikitumia vikapu. Vikapu vyote vya zamani kwa binti mmoja. Alisikiliza kwa heshima. Aliuliza huyo binti amefanya nini hata akastahili vyote. Nikasema hajafanya kitu, pengine amekaa upande unaofaa tu. Mama akasema basi huo si urithi, huko ni kuwahi mlangoni.

Sikuona kosa katika kuwahi mlangoni. Nililiweka wazo hilo akilini.

Jumanne, 13 Juni

Niliitwa ofisini kwa Mkuu wa Shule, simu kutoka Mbeya. Juliana, kwenye simu ya ofisi ya reli, akipiga kelele kana kwamba waya umekatika na sauti inakuja kwa miguu.

Alisema amesikia, kwa mtu aliyetoka kijijini, ninavyomtetea Filemoni. Nikauliza kumtetea vipi. Akasema, si nimekwenda kumkumbusha Mama habari za paa la mkwe? Basi nisihangaike, dada, Filemoni mwenyewe alilikumbuka tangu mwezi wa tatu. Amejenga chumba upande wa nyuma, paa lake mbali, mlango wake unaelekea barabarani, jiko lake, hata njia yake ya kwenda bafuni. Mama anaweza kukaa mwaka mzima asione hata kisigino cha Filemoni. Filemoni amekwishajifunza kukohoa anapotoka kazini ili apishe njia.

Nilisema ni jambo jema sana. Mkuu wa Shule alikuwa anasikiliza.

Chumba chenye mlango wake! Mimi siwezi kujenga kitu. Nyumba yangu ni ya shule. Hata msumari ukutani unaombewa ruhusa. Nilirudi darasani nikafundisha usanisinuru kwa ukali usiostahili.

Nakiri kwamba Filemoni ni mtu mwema. Hilo linaharibu kila kitu.

Alhamisi, 15 Juni

Mpango wa pili. Mama hakusema atakaa penye mlango wake. Alisema atakaa penye vyombo vyake. Basi vyombo vifike kwangu kesho, kabla ya Juliana, na Mama afuate vyombo. Nimeupima mpango huu kwa haki. Je, kuwahi ni kuiba? Nadhani si kuiba, ikiwa mwenye mali yupo anaangalia. Je, ni uungwana? Hapo sina hakika, nimeamua kuliangalia suala hilo Jumapili.

Nilikwenda kwa Ambrosi kuomba trekta na tela. Nilitoa sababu nyingi. Alisikiliza zote hadi mwisho, kisha akauliza tu saa ngapi. Nilimwonya kwamba kuna kinu kizito na vyungu vya kubebwa kwa uangalifu. Akasema atakuwa mwangalifu.

Matroni Damari, jirani yangu, aliyesikia kupitia uani kwa uangalifu wake wa kawaida, aliuliza kama ninampeleka mwalimu wa fizikia kwa mama yangu kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Nikamwambia ninampeleka trekta. Huyo ni dereva. Damari alisema, haya, Mwalimu.

Ijumaa, 16 Juni

Naandika polepole ili nielewe kilichotokea.

Tuliondoka asubuhi. Ambrosi alivaa koti lake la Jumapili. Niliuliza koti la nini kwa kazi ya kubeba vyungu, akasema kuna baridi. Baridi ilikuwapo, sikuweza kupinga.

Mama alikuwa uani. Ambrosi alivua kofia, akachutama, akasema kamwene kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia katika chumba cha walimu. Mama alijibu vizuri. Alipoona tela hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba vilivyo karibu na mlango ni vyepesi kutoa, na akakaa juu ya kigoda kutazama.

Ambrosi alitoa kinu peke yake, amekikumbatia. Akatoa mkeka, akatoa ungo, akatoa vikapu vya zamani vilivyokuwa kwenye kigingi cha kwanza. Kisha akatoa chungu kikubwa, kile ambacho Mama alikileta kwa baba yangu alipoolewa. Alifika nacho kwenye tela, akaona mbao tupu na misumari. Akakishikilia kwa mkono mmoja na goti, akavua koti la Jumapili, akalikunja, akalitandika, akakilaza chungu juu yake kama mtoto aliyesinzia.

Mama alisimama. Alijifunika khanga hadi puani na kuingia nyuma ya mlango.

Nilidhani vumbi limemwingia machoni. Nilimfuata. Alininong'oneza nimwambie mkwe apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Nikasema hakuna mkwe hapa. Mama akasema, "Mwanangu, usiniaibishe, mtu anasikia."

Nilitoka nje nione kama mtu amesikia. Ambrosi alikuwa amekwishageuka, ameupa mlango mgongo, kofia mkononi, anatazama migomba. Alikuwa ameelewa haraka kuliko mtu wa fizikia anavyopaswa kuelewa. Aliniambia, bila kugeuka, nimweleze Mama kwamba hajachoka.

Basi nikawa katikati yao, hatua chache huku na chache kule, nikipeleka maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameyasikia.

Mwambie kuna uji.

Mama anasema kuna uji.

Mwambie nashukuru sana.

Muulize kama kwao wanakula ulezi.

Mwambie tunakula, na mahindi pia, na viazi.

Nilipofika kwenye viazi niligundua kwamba katika mazungumzo hayo yote hakuna aliyeniuliza mimi chochote.

Nilirudi nyuma ya mlango kutetea hoja yangu. Nilisema Ambrosi haishi kwangu. Nilisema sijamkubali. Mama akauliza, basi umemkataa? Nikasema sijamkataa pia, bado nakusanya taarifa. Akasema mtu anayekunywa chai kizingitini jioni zote hizo, huyo amekwishaingia, imebaki miguu tu. Kisha akanikumbusha, kwa upole mkubwa, maneno yangu mwenyewe ya Jumapili. Mama hali wala halali chini ya paa la mkwe. Nilinena vizuri sana siku ile, alisema, alijivunia. Na nyumba yangu haina mlango wa pili. Kwa hiyo hawezi kukaa kwangu.

Nilijaribu kutafuta kasoro katika hoja hiyo. Haikuwa nayo. Niliitengeneza mwenyewe.

Akaamuru upakiaji usimame. Kilichokwisha kupanda tela kiende, kilichobaki ndani kibaki. Hakukuwa na mpangilio wowote. Ambrosi alikuwa amechukua tu vilivyokuwa karibu na mlango. Nimerudi na kinu bila mchi, chungu bila kifuniko chake, ungo mmoja kati ya nyungo mbili, vikapu vya kigingi cha kwanza, na mkeka. Nusu ya vyombo. Sikurudi na nusu ya Mama.

Njiani Ambrosi aliendesha trekta akitazama mbele tu. Alikuwa ameloa jasho bila koti lake. Nilidhani anasikitika kwa ajili yangu. Nilipomtazama usoni, sikuona dalili za masikitiko.

Jumamosi, 17 Juni

Nilipanda lori la mahindi nikarudi kijijini kukabiliana na Juliana. Alifika na gari la kukodi, sweta jipya la Mama mkononi. Aliingia ndani, akatazama mahali pa kinu, akatazama kigingi cha kwanza, akanitazama mimi.

Alisema, "Dada, umeiba kinu ukasahau mchi. Kumbe hata wizi unataka kusomewa."

Nilianza kueleza kwamba vyombo viligawanyika bila utaratibu, na kwamba hata kuhusu seli kuna watu wanaoamini jambo la namna hiyo. Aliuliza kama hizo histoni zangu zina mama. Nikasema hazina. Akasema ndiyo sababu hazigombani.

Kisha alicheka mpaka akakaa chini, na chini pale akaniambia kwamba gari lake lilikuwa lije tangu Alhamisi. Liliharibika njiani, Chimala. Kama si hivyo, ningekuta nyumba tupu hata kuku hayupo. Nilifarijika kupita kiasi. Sijui kama ni haki kufarijika kwa uovu wa mdogo wako, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa chini pembeni yake.

Ghafla kila mmoja akawa mkarimu. Nilisema achukue kinu, nitakileta, Mama ale vizuri Mbeya. Akasema hapana, nichukue mchi, yeye atachongesha. Nikasema haiwezekani. Akasema itawezekana. Tulikaribia kugombana tena, safari hii kwa kupeana. Mama aliyekuwa anafunga kuku miguu alituambia tunyamaze wote wawili. Kila kitu kibaki kilipoangukia. Yeye anakwenda Mbeya, kwenye chumba chenye mlango. Lakini kinu chake kiko Iringa, na mwanamke hawezi kukitelekeza kinu chake, kwa hiyo baada ya mavuno lazima aje kukitazama. Na akija, mkwe wa Iringa atatafutiwa pa kulala kwa hao watu wake wa Fizikia.

Nilisema tena kwamba sijamkubali. Juliana akauliza nani hajamkubali nani. Mama akamweleza. Alieleza kwa urefu, pamoja na koti.

Tulimvika Mama sweta. Mkono mmoja aliuvika Juliana, mwingine mimi, na kwa muda kichwa chake kilipotelea ndani ya sufu tukabaki tumemshikilia hivyo, bila kuharakisha. Kilipotoka nywele zake zilikuwa zimevurugika. Nilizilaza kwa kiganja. Aliniacha nizilaze, kisha akapanda gari.

Jumatano, 21 Juni

Kinu kisicho na mchi ni kiti kibaya. Nilimwendea mchongaji mmoja wa mtaa wa Mlandege aninunulie mti na kunichongea mchi mpya. Aliomba wa zamani apimie. Nikasema uko Mbeya. Akasema basi nilete kinu. Wasichana wawili wa Kidato cha Tano walikibeba mjini kwa zamu, watu wakauliza kama shule imeanza kupika pombe. Mchi umechongwa kwa kufuata shimo ambalo mkono wa Mama ulilichimba kwa miaka mingi. Unaingia sawasawa.

Nimenunua pia vikapu vipya vya milulu sokoni, nikavitundika kati ya vile vya zamani, kujaza nafasi. Baadaye niliona kwamba vipya vyote nimevielekeza midomo ukutani, kama Mama anavyofanya. Sikuamua kufanya hivyo. Vya zamani vilikuwa vimekaa hivyo, mkono ukafuata.

Nilikaa mbele ya vikapu hivyo kwa muda mrefu. Swali la Ambrosi lilirudi. Kama histoni za zamani zingekwenda zote kwa binti mmoja, mwenzake angejuaje akae vipi? Lakini kama zimechanganyika, kila mpya inakuwa na ya zamani pembeni yake, pengine ya kuifuata. Kwa hiyo jibu la pili ndilo sahihi! Niliinuka kwa furaha.

Kisha nikakaa tena. Kikapu si histoni. Mkono wangu si kimeng'enya. Mfano unaonigusa moyo haujathibitisha kitu, na wiki mbili zilizopita nilikuwa na furaha hiyohiyo upande wa pili, kwa sababu wakati ule nilitaka vyote. Leo ninavyo nusu, na ghafla nimeona busara ya nusu. Mtafiti wa namna hiyo asiaminiwe. Kesho nitawaambia Kidato cha Tano kwamba swali liko wazi, na nitaligawa lile rundo la vigogo vyekundu kwa kamba zote mbili, ili waone na upande huo.

Juliana alipiga simu. Mama analala vizuri. Filemoni anakohoa hadi majirani wamemshauri aende hospitali. Wamechongesha kinu kipya. Mama anauliza kinu changu kinaendeleaje, na kama koti la yule mtu limetoka masizi. Nilisema sijui habari za koti. Kwa kweli liko kwangu, nimelifua, nimelianika, na leo nimelipiga pasi.

Jumapili, 25 Juni

Nimepata mpango. Nashangaa sikuuona mapema.

Mama hawezi kuishi chini ya paa la mkwe. Hilo nimelikubali. Lakini hakuna bibi anayeweza kukataa kumwogesha mjukuu mchanga. Mbele ya mtoto mila hulegea, kila mtu anajua. Mtoto akizaliwa Iringa, Mama atakuja Iringa, na mtoto akiwa wa kulia sana, atakaa. Kwa hiyo kinachohitajika ni mtoto. Kwa ajili ya mtoto anahitajika mume. Na kwa nafasi hiyo Ambrosi yupo, ni mwangalifu na vyombo, na kwao wanakula ulezi.

Baada ya Misa nilimrudishia koti lake, nikamwambia jibu ni ndiyo.

Aliuliza kama nimelifikiria. Nilisema nimelifikiria kwa miezi kadhaa, kutoka pande zote, na uamuzi nimeufikia asubuhi hii nikiosha chungu. Alikaa kizingitini ingawa palikuwa pamelowa. Kisha akauliza kama sasa anaweza kuingia ndani, nje kuna baridi. Nikasema anaweza. Alinywa chai amesimama katikati ya chumba. Alishindwa kuchagua kiti.

Sikumweleza mpango wenyewe. Si vizuri kumtwisha mtu mambo mengi siku moja. Lazima niandike pia, kwa ajili ya ukweli, kwamba aliponishika mkono nilipoteza mtiririko wa hoja, ikabidi niurudie tangu mwanzo, na nilipofika mwisho bado alikuwa ameushika, na sikuona sababu ya kuuomba.

Nilimsimulia Damari uani, sehemu ya mpango tu. Alicheka hadi akaushika uzio. Alisema, "Mwalimu wangu, mtoto wa kwanza mama mzazi haji kwako. Wewe ndiwe unayepelekwa kwa mama yako." Yaani nitapakiwa na tumbo langu hadi Mbeya, nikae kwa Juliana, kwenye chumba chenye mlango wake, na Filemoni atukohoe wote.

Damari husema mengi. Nimeupitia mpango huu tena kutoka juu hadi chini, kwa uangalifu wote niliofundishwa. Kwa mara ya kwanza mwezi huu, sina shaka hata moja.